Namba Sita Ukutani

Juu ya mlango wa kinyozi yule palikuwa na kibao cha buluu chenye maandishi meupe: MWENZAKO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI. Wapita njia walicheka, wakadhani ni mzaha wa biashara. Waliokwisha kuingia ndani hawakuhitaji kuelezwa. Ukikaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, ukafungwa shuka shingoni, ukainua macho, ulikutana na picha kumi na mbili zimepangwa mstari mmoja juu ya kioo, kila moja na fremu yake ya mbao na namba yake ya rangi nyekundu. Wanaume, wanawake, na mtoto mmoja wa shule. Nywele zao zote zimekatwa kwa namna ya kukuchekesha kabla hujauliza ni akina nani.

Mwenye duka mtaa mzima ulimwita Koplo. Alikuwa askari kweli, ila jeshini hakupewa bunduki ya kutumainiwa, alipewa wembe. Vita ilipokwisha, wengine wakapanda malori kurudi makwao, kikosi chake kikaambiwa kibaki katika nchi iliyoshindwa mpaka wakubwa wamalize kuelewana. Walikaa huko hata wakajua majina ya mbwa wa watu. Raia wa mji ule waliletwa kambini kwa mafungu, kuandikwa na kukaguliwa, na kwa ajili ya chawa amri ikawa moja tu: kila kichwa kipitie kwa kinyozi, kitoke upara.

Amri haikusema aanzie wapi. Koplo alikuwa kijana, amechoshwa na kukaa, na mkononi ana kamera aliyoitoa kwenye kabati la nyumba ya mtu. Basi kabla ya kumaliza kichwa, alikichezea kwanza. Huyu alimnyoa nusu, kushoto nywele, kulia ngozi tupu. Yule alimwachia mstari katikati kama nyasi za kati ya barabara. Mwalimu mmoja wa watu, mtu wa miwani, alimwachia denge utosini mfano wa kifuniko cha birika. Kisha anawasogeza mlangoni penye mwanga, anapiga picha, askari wenzake wanashikana mbavu, halafu anamalizia upara na kusema, "Mwingine."

Hizo ndizo picha alizorudi nazo. Wenzake walirudi na saa za mkononi na vitambaa vya meza.

Mkewe alimpata mwaka aliofungua duka. Alikuwa msichana wa kutembea shingo juu, mwenye nywele nyingi nyeusi zilizomfika mabegani zikisukwa na kumfunika mgongo zikiachwa. Akili ni nywele, watu husema, kila mtu ana zake. Huyu alikuwa nazo zote mbili na alijijua. Koplo alipokwenda kwao kuposa, mama wa binti alimtazama mikono akamwambia, "Baba, wewe kazi yako ni kukata. Mwanangu huyu kichwa chake ndicho mali yake." Koplo akacheka, akainamisha kichwa kwa adabu. "Mama, hizi nitazilinda. Sitazigusa."

Akaolewa, akahamia chumba cha nyuma ya duka. Kazi yake ikawa kufagia nywele za watu, kuchemsha taulo na kusugua beseni la povu. Kila siku alipita chini ya wale kumi na wawili. Mwanzoni hakuwaona, kama mtu asivyoona ukuta wa nyumba yake. Aliwasikia tu, kwa sababu Koplo alikuwa na kisa cha kila mmoja na hakuchoka kukirudia.

Namba sita alikuwa bibi kizee. Koplo alimwachia mvi za mbele tu, juu ya paji la uso, zikatokeza kama ukingo wa kofia. Nyuma kote ngozi. "Huyu," Koplo alikuwa akiwaambia wateja, akinoa wembe kwenye mkanda, "huyu alifikiri nampunguza ncha." Benchi la wanaosubiri linacheka. Kila mara linacheka.

Siku moja yule mke alipanda kiti kufuta vumbi kwenye fremu, akiwa na mimba ya miezi ya katikati, akaona kitu ambacho hakuna kisa kilichokitaja. Mikono ya yule bibi ilikuwa imekusanywa kifuani, na ndani yake ameshika vibanio vya nywele. Alivitoa mwenyewe kabla ya kunyolewa. Alivishika vizuri, vyote vimeelekea upande mmoja, kama mtu anayejua atavirudisha muda si mrefu.

Mke wa Koplo alishuka kwenye kiti. Akafagia. Akachemsha taulo. Hakulala vizuri. Kesho yake, Koplo akiwa amekwenda kununua sabuni, alipanda tena, akaing'oa namba sita kwenye msumari, akaitoa kwenye fremu, akaificha chumbani ndani ya sanduku lake la bati, chini ya karatasi iliyotandikwa sakafuni mwa sanduku. Fremu akaitia jikoni. Iliwaka vizuri.

Koplo aliona pengo mara tu alipoingia. Palikuwa na wateja wawili benchini.

"Namba sita iko wapi?"

"Nimeitoa. Ile si picha ya kutazamwa na mwenye mimba."

"Sawa. Iko wapi?"

"Nimeiweka."

"Nipe."

"Sikupi."

Koplo hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Ile sauti yake ya upole, ya kumwambia mteja ainamishe shingo, ndiyo aliyoitumia kwa kila kitu. Akarudishia nusu ya chini ya mlango, akakung'uta shuka. "Pengo la ukutani huzibwa, mke wangu. Hebu kaa."

Akakaa. Miaka baadaye fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke pekee aliyeweza kumuuliza swali kama hilo, alimwambia, "Lakini shoga, ulikaa mwenyewe? Hakukushika?"

"Hakunishika."

"Sasa kwa nini ukakaa?"

"Hata yule bibi alikaa," akajibu, na hapo mazungumzo yakaisha.

Wembe ulikuwa ule ule. Alianza kisogoni. Misuko ilianguka mizima mizima, mizito, ikatoa mlio sakafuni kama kamba iliyotupwa. Wateja wawili walikaa wakitazama viatu vyao. Koplo akawaambia, "Mbona kimya? Mmefiwa?" Mmoja akacheka, na mwenzake, kwa kuogopa kubaki peke yake, naye akacheka. Alipofika mbele akasimama. Akamwachia nywele za paji la uso tu, zikatokeza kama ukingo wa kofia. Akafungua mlango wote kwa ajili ya mwanga, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kioo cha mbele, akainua kamera.

"Mikono kifuani," akasema. Akapiga.

Kisha akamvua shuka na kumwambia aende nyumbani kwa mama yake akampe habari. Chumba chao kilikuwa hatua chache nyuma ya duka, lakini mlango wa nyuma alikuwa ameufunga, na ufunguo uko mfukoni mwake. Hakumaliza upara. Kitambaa cha mkewe cha kichwani Koplo alikuwa ameketi akakikalia. Ikabidi mwanamke atoke kwa mlango wa mbele, apite mtaa mzima kichwa wazi, tumbo mbele. Fundi cherehani alimwona. Aliinamia mashine yake akazidi kukanyaga, ingawa uzi ulikuwa umekwisha zamani.

Mama yake alimaliza kazi ile kwa wembe wa kununua, akilia. Mwenyewe hakulia. Alipokwisha alijifunga kilemba, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwona kichwa, hata nywele ziliporudi, hata alipojifungua, hata binti yake alipokuwa mkubwa wa kuuliza.

Aliporudi kwa mumewe, maana mimba ile ilikuwa na baba na baba ndiye huyo, alijikuta yuko ukutani. Fremu mpya, namba sita nyekundu. Koplo alimngoja aitazame mpaka atosheke.

"Siku utakayonirudishia bibi yangu," akamwambia, "siku hiyo nitakushusha. Neno langu."

Kwa hiyo ilikuwa mikononi mwake. Angeweza kwenda kwenye sanduku lile dakika yoyote, akashuka ukutani. Alilijua hilo alipoamka na alilijua alipolala. Hakwenda. Wengine wangesema ni huruma. Yeye mwenyewe, angeulizwa, angesema ni kiburi. Alikuwa ameshalipa kichwa chake kwa ile picha. Kuirudisha ni kusema amenyolewa bure.

Mtaa ukampa jina. Hakuna aliyekaa kikao. Jina lilizuka tu kama ukungu. "Sita, mbona umeadimika?" "Sita, mwambie mzee Jumamosi anipishe mapema." Watoto walipigiana kelele za mahesabu akipita: tano, saba, tano, saba, wakiruka moja na kucheka. Walevi waliingia dukani wakajitupa kitini, "Koplo, leo nipige kama mkeo." "Huyo nimeshampiga," anajibu, na benchi linaangua kicheko. Mwanamke yuko pale pale anafagia. Alijifunza kufagia bila fagio kugusa kiatu cha mtu.

Miaka ikaenda, ikaja mitindo. Mchezaji mpira mmoja alionekana kwenye televisheni ana mstari wa nywele katikati ya upara, na juma lile lile vijana wakajaa dukani. "Mzee, nipige namba nne." Mwingine akataka denge la mwalimu. Mwingine nusu kwa nusu, namba moja, na akalipia akaondoka anajitazama kwenye vioo vya madirisha. Koplo alifurahi kuliko siku aliyorudi kutoka vitani. "Mnaona? Niliwahi tu kabla ya wakati." Jioni ukitazama foleni ya mkate ungedhani ile kambi imehamia mtaani, isipokuwa hawa walikuwa wanacheka.

Namba sita haikupendwa na kijana yeyote.

Binti yao alikuwa mzuri, mwerevu, na mwoga wa kuchekwa. Shuleni alikuwa mtoto wa Sita. Kazini, alipoajiriwa kuuza kwenye duka la vitambaa, akadhani jina hilo limebaki nyuma, mpaka kaka wa msichana mwenzake mmoja akaenda kunyolewa kwa Koplo. Ndipo akatokea karani wa posta, kijana mtulivu mwenye mashati ya kupigwa pasi, akataka kumuoa. Baba wa kijana alikuwa msimamizi wa bohari, mtu wa kupenda heshima. Koplo akatuma neno: wakwe wanaume waje kwanza dukani, awanyoe kwa mkono wake, kisha waende nyumbani kula.

Binti alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, watakuona."

"Wataniona nyumbani pia. Ndimi nitakayewapakulia."

"Unajua ninachosema." Akapiga magoti sakafuni kwenye maji. "Mrudishie baba yule bibi. Nakuomba. Yule bibi ni nani kwetu?"

"Si mtu wetu."

"Basi? Alikufa zamani, Mama. Mifupa yake haijui kama iko ukutani au ndani ya sanduku. Wewe uko hai. Mimi niko hai. Unamstiri maiti wa watu, mwanao unamwacha uchi."

Mama aligeuza alichokuwa anageuza jikoni mpaka kikaiva. Lakini maneno yalimwingia, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpigia magoti.

Asubuhi akafungua sanduku la bati. Akainua ile karatasi kwa ncha ya kisu. Yule bibi hakuwa amezeeka hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa anamkaribia. Vibanio bado vimeelekea upande mmoja. Akamfunga kwenye kitambaa safi, akampeleka dukani kama mtu anayebeba sahani.

Koplo alifungua kitambaa polepole. Akaifuta ile picha kwa mkono wa shati. "Bibi yangu," akasema. "Karibu nyumbani." Na kwa kweli machozi yalimlengalenga, alikuwa mtu wa namna hiyo. Akatafuta fremu ya ziada. Akatafuta nyundo. Akaenda hadi mwisho wa mstari, baada ya namba kumi na mbili, akapigilia msumari mpya.

Mkewe alisimama. Alingoja amalize, maana alidhani anaanza na kule.

Koplo akatundika, akarudi nyuma kutazama kama imenyooka, akachukua kopo la rangi nyekundu akaandika kumi na tatu.

"Ulisema utanishusha," akasema mwanamke.

"Nilisema."

"Nimekuletea."

"Umeleta, na nashukuru. Lakini namba sita imeshakaliwa, mke wangu. Watu wameizoea." Akaweka nyundo chini, akamtazama kwa upole wake wote. "Halafu wewe nawe. Unashika neno la kinyozi? Si hata mama yako nilimwambia sitazigusa?"

Mchana wakwe wakaja, watatu, na harufu ya sabuni nzuri. Msimamizi wa bohari akakaa kitini wa kwanza, akafungwa shuka, akainua macho. Alicheka sana. Alitaka visa vyote, na Koplo akavitoa kimoja kimoja, na kile cha bibi aliyedhani anapunguzwa ncha akakitoa mara mbili kwa kuwa bibi alikuwa ndio kwanza amerudi.

"Na huyu sita? Huyu naye wa kule kule?"

Koplo akafuta wembe. "Huyo? Huyo ndiye atakayewapakulia chakula."

Wakwe wakamtazama mwenye nyumba wajue wafanye nini. Mwenye nyumba akatabasamu. Basi wakacheka, na msimamizi wa bohari alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Binti alikuwa mlangoni ameshika trei ya maji. Mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika taulo, na alimsikia mwanawe. Binti alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, cha mtu anayetaka kuhesabiwa upande wa wanaocheka.

Harusi ilifanyika. Watu walikula wakashiba.

Koplo alikufa kazini. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, akasema kama anayeulizwa jambo, "Eh?", akaanguka juu ya beseni. Mteja alikimbia nje kuita watu akiwa na shuka shingoni, upande mmoja nywele, upande mmoja ngozi, na walioitwa walichelewa kuja kwa sababu walidhani ni mzaha wa Koplo. Walipoingia alikuwa amekwisha kuondoka.

Chama cha askari wastaafu kikaleta bendera ya kufunika jeneza na kikatuma mzee mmoja mwenye fimbo aseme utaratibu. Bendera, salamu ya mwisho, na picha ya marehemu ya kusimamishwa mbele. "Picha nzuri, ya uso," akasema. "Watu wapate kumuaga."

Hapo ndipo nyumba nzima ilipogundua kwamba Koplo hakuwa na picha. Alikuwa amepiga mtaa mzima, harusi, vipaimara, mbuzi wa watu, yeye hakupigwa. Harusini kwake alimpiga bibi harusi peke yake. Ukielekeza kamera kwake alikuwa anaweka kiganja mbele ya uso. "Anayeujua wembe hampi mwenzake shingo," ndivyo alivyosema, na watu walidhani ni maringo. Kitambulisho cha jeshi kilikuwa kimefuliwa na suruali mara nyingi hata pale pa picha palikuwa peupe.

Binti ndiye aliyekumbuka. Alikuja kukaa karibu na mama yake kwenye mkeka, akanong'ona. "Mama. Ile yako. Baba yumo."

Alikuwemo. Duka la kinyozi lina vioo viwili vinavyotazamana, ili mteja aone kisogo chake. Siku ile alipoinua kamera, kioo cha nyuma kilimchukua: kule juu ya bega la mwanamke aliyenyolewa, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mwanamume yuko wima, kamera machoni, anacheka.

"Tutakata upande wake tu," binti akasema. "Wewe hutaonekana hata kidogo. Mzee wa studio anaweza kuikuza."

Fundi cherehani aliyekaa upande wa pili alimtazama mama akadhani atakataa. Angekataa, nani angemlaumu?

"Nileteeni," akasema. "Na mkasi wake."

Wakamshusha. Baada ya miaka yote ile kazi yenyewe haikumchukua mkwe wake muda wa kumeza mate. Alinyoosha mkono tu. Mwanamke akaitoa picha kwenye fremu, akaiweka gotini. Alikata kwa uangalifu, akizunguka kioo peke yake. Alitoka na kile kipande kwenda mwenyewe hadi studio, kitambaa cha msiba kichwani, watu wakimpisha njia.

Mzee wa studio alikitazama kwa kioo cha kukuzia. "Pole sana, mama. Lakini hiki ni kidogo mno. Nikikikuza kitavunjika."

"Kuza."

"Na macho hayapo. Kamera imeziba. Hapa kuna mdomo tu na meno."

"Nauona."

"Nikuzie kiasi? Kama kitabu?"

Akatazama chumba. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya bi harusi wa mtu, kimo cha mlango. "Kama hiyo."

Mzee aliweka kipande mezani. "Mama, nisamehe. Watu wataona mdomo tu. Ni mume wa mtu, ni baba wa mtu."

"Ni wangu," akasema. "Kuza."

Iliwasili asubuhi ya mazishi imefunikwa shuka, ikasimamishwa mbele ya jeneza. Mzee mwenye fimbo alitoa maneno juu ya ushujaa na nchi za mbali, kisha akavuta shuka.

Kwanza hakuna aliyejua anatazama nini. Ilikuwa chembechembe nyeusi na nyeupe, kama mchanga uliomwagwa. Halafu macho yakazoea, na mdomo ukatokea. Mkubwa kama beseni la kufulia. Umefunguka, meno ya juu yote, ulimi. Juu yake, mahali pa macho, mkono mweusi na tundu la duara la kamera linakutazama wewe uliyesimama. Kulikuwa na watu wengi na kila mmoja tundu lile lilimtazama yeye.

Mtoto mmoja akaanza kulia. Askari wastaafu walikuwa wameshapiga hatua mbele kutoa salamu, hawakuweza kurudi. Wakakipigia saluti kile kinywa. Sala ikasomwa, ile inacheka. Sifa zikatolewa, ile inacheka. Wakati msimamizi wa bohari anatoa rambirambi, mtu fulani nyuma alishindwa kujizuia, akapasua kicheko puani, na kicheko kikapita kwenye umati kama upepo kwenye majani. Wengi walikuwa wamekwenda misibani mara nyingi. Hawakuwahi kuuma midomo hivyo. Msimamizi mwenyewe alimeza neno lake akakaa.

Binti alimgeukia mama yake, uso umemwiva. "Ulijua."

"Naitazama tangu sijakuzaa."

"Mama, ni baba."

"Najua ni nani."

Walipomaliza arobaini, wageni na mashauri ya nyumba, mjane alifungua duka. Akashusha picha zote. Kumi na moja zikaingia jikoni na zikachemsha maji ya kuoga. Ya yule bibi, na yake mwenyewe yenye tundu begani, aliziweka uso kwa uso, akazirudisha kwenye sanduku la bati chini ya karatasi. Alikuwa ameshamtoa yule bibi mara moja, na bure.

Kisha akamwita mkwe wake na nyundo. Ile picha kubwa ilipopandishwa ilifunika ukuta wote juu ya kioo, misumari kumi na tatu ikabaki nyuma yake. Binti alikaa nje, hakutaka kuingia. Mama akafungua kopo la rangi nyekundu, akapanda kiti, pole pole maana miguu haikuwa ya zamani, akaandika sita pembeni.

"Pengo la ukutani huzibwa," akamwambia mkwe, aliyekuwa ameshika kiti na kutazama chini.

Duka lilichukuliwa na kinyozi kijana kutoka mtaa wa mbali, mwenye mashine za umeme. Sharti lilikuwa moja: kibao cha nje na picha ya ndani visiguswe. Kijana alikubali haraka. Mahali palikuwa pazuri. Mwezi haukuisha akaja nyuma, kwenye chumba cha mjane, kofia mkononi.

"Bibi, samahani. Wateja wanalalamika. Wakikaa kitini wakiinua macho, wanasema hawawezi kutulia."

Mwanamke alikuwa mbele ya kioo kidogo, kilemba amekiweka magotini, anajibana mvi zake, ndefu, nyingi. Kijana alikuwa mtu wa kwanza kuziona na hakujua hilo. Mjane alichukua kibanio kingine, akakitia mahali pake, akakitazama kama kimenyooka.

"Waambie watazoea," akasema. "Mimi nilizoea."